Uliza Mwalimu wa Biolojia: Doti ya kanga, mgomba usio na mbegu, na yai lililosubiri miaka 38

Barua nne za mwezi huu zimenifanya nikeshe. Walioziandika hawajuani, mmoja yuko Moshi, mwingine Muleba, mwingine Kitale, mwingine Tabora, lakini wote wanagonga mlango mmoja: mwili unapotengeneza yai, mbegu ya kiume au chavua, kromosomu, yaani vifurushi vya DNA vinavyobeba urithi ndani ya seli, zinafanya nini humo ndani? Mgawanyiko huo wa seli ndio unaoitwa meiosisi. Ya mwanafunzi nimeitanguliza kwa sababu majibu ya wenzake yameegemea juu yake. Hata kama mitihani uliimaliza zamani, usiiruke.

SWALI: *Mwalimu, shikamoo. Niko Kidato cha Sita, PCB. Meiosisi nimeikariri: profezi, metafezi, anafezi, telofezi, halafu unarudia. Kwenye mtihani wa majaribio wakauliza: seli yenye kromosomu 4, baada ya anafezi ya kwanza kila ncha ina kromosomu ngapi na kromatidi ngapi? Nikakosa, na masahihisho sikuyaelewa. Halafu kuna jambo linanisumbua: kama lengo ni kupata nusu, kwa nini seli igawanyike mara mbili? Mara moja haitoshi? — Mwanafunzi, Moshi*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza, lakini tuanze na la kwanza. Nenda kwenye kabati la mama, umwombe doti nne za kanga ambazo hajazikata: mbili za mchoro mmoja, mbili za mchoro mwingine. Katika kila mchoro, doti moja iwe nyekundu na nyingine ya bluu. Mama yangu aliuza kanga soko la Bukoba, na mimi nimefundisha meiosisi kwa doti zake miaka yote niliyosimama darasani.

Doti ikitoka dukani ni kitambaa kimoja chenye vipande viwili vinavyofanana kila kitu: pindo, mji, jina. Mpaka mama atakapokata katikati na kupinda ndipo anapata kanga mbili, ya kujifunga na ya kujitanda. Kromosomu iliyokwisha kujinakili ndivyo ilivyo. Ina vipande viwili sawasawa, tunaviita kromatidi dada, na bado vimeshikana. Doti isiyokatwa ni doti moja. Wengi mnakosea hapo, mnaona vipande viwili mnaandika kromosomu mbili. Wewe hesabu sentromea, yaani pale vipande viliposhikana zaidi. Sentromea moja, kromosomu moja.

Doti nyekundu na doti ya bluu za mchoro mmoja ndizo kromosomu wenza. Moja umepewa na baba, nyingine na mama. Ua likiwa kona ya kushoto kwenye nyekundu, liko kona ya kushoto kwenye bluu pia, ila rangi ni tofauti. Jeni, yaani kipande cha DNA chenye agizo la sifa fulani, ni ileile, mahali ni palepale, toleo ndilo linaloweza kutofautiana. Binadamu ana jozi 23 za namna hiyo, jumla 46. Na kuzihesabu si kazi ndogo: tangu miaka ya 1920 vitabu viliandika 48, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakifanya kazi Lund nchini Sweden, walipozitawanya vizuri kwenye kioo na kutangaza 46 mwaka 1956.

Sasa tandika doti zako nne mezani. Seli imekwisha kunakili DNA yake, kwa hiyo una kromosomu 4 na kromatidi 8. Inaingia profezi ya kwanza, na hapa nataka utulie, kwa sababu ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na mambo makubwa karibu yote ya meiosisi yanatokea humu. Kromosomu zinajikunja na kunenepa. Kila moja inamtafuta mwenzake, na wakishapatana wanalala ubavu kwa ubavu, pindo kwa pindo, ua kwa ua, wakishikwa na kitu kama zipu kilichotengenezwa na protini. Katika mitosisi, ule mgawanyiko wa kawaida wa seli unaotoa nakala zinazofanana, hakuna kitu hiki. Mle kila kromosomu inajitegemea, haimjui mwenzake.

Wakiwa wamelala hivyo, DNA inakatwa na kuunganishwa upya. Kipande cha pindo jekundu kinashonwa kwenye doti ya bluu, na kipande cha bluu, chenye urefu uleule na kutoka mahali palepale, kinashonwa kwenye nyekundu. Angalia vizuri: kwa kila badiliko, doti nyekundu inatoa kromatidi moja tu na ya bluu moja tu. Baada ya hapo vile vipande viwili vya doti, vilivyokuwa sawa kama mapacha, si sawa tena.

Zipu ikifunguka, mahali pa kubadilishana panaonekana kwa hadubini kama msalaba. Panaitwa kiasma. Mwaka 1909 Frans Alfons Janssens, padri na mwanasayansi wa Louvain, Ubelgiji, alisema misalaba hiyo ndipo vipande vinapobadilishana. Ushahidi wa macho ulikuja mwaka 1931, na uliletwa na mahindi. Harriet Creighton na Barbara McClintock, katika Chuo Kikuu cha Cornell, walikuwa na mahindi ambayo kromosomu yake namba 9 ilikuwa na kifundo ncha moja na kipande cha ziada ncha nyingine. Punje zilipobadili mchanganyiko wa sifa zake, rangi upande huu na wanga upande ule, kwenye hadubini kifundo na kipande cha ziada navyo vilikuwa vimetengana. Jeni zilipohama, kitambaa nacho kilihama. Kila nikilisimulia hili darasani nilisisimka, na sasa hivi nikiandika nasisimka.

Metafezi ya kwanza: jozi zinasimama katikati ya seli. Nyekundu ielekee juu au chini ni bahati tu, na kila jozi ina bahati yake. Kwa jozi zako 2 kuna mipango 4. Kwa jozi 23 za binadamu ni 8,388,608, na hapo hatujahesabu vipande vilivyobadilishwa.

Anafezi ya kwanza: nyekundu inavutwa huku, bluu inavutwa kule. Doti haikatwi! Inaondoka nzima, vipande vyake viwili vikiwa bado vimeshikana. Basi kila ncha ina kromosomu 2 na kromatidi 4. Hilo ndilo jibu la mtihani. Baada ya hapo seli hainakili DNA tena. Inaingia mgawanyiko wa pili, na anafezi ya pili ndiyo mkasi: doti zinakatwa katikati, na mwishoni una seli nne, kila moja ina vipande viwili, kimoja cha kila mchoro.

Sasa swali lako lililobaki. Ili seli igawe jozi kwa haki, nyuzi kutoka ncha mbili za seli huvuta kila jozi pande mbili. Nyuzi zikivuta na kukuta ukinzani, seli inatambua kwamba jozi imeshikwa vizuri. Kisipokuwepo cha kuwafunga wenza hawa wawili, ukinzani hautakuwepo, na kila mmoja ataangukia upande wowote. Kinachowafunga ni nini? Ni kiasma, pamoja na gundi ya protini iitwayo kohesini, inayobandika vipande dada kwa urefu wao wote. Jaribu kwa mikono yako. Chukua kanga moja nyekundu iliyokwisha kukatwa na moja ya bluu iliyokatwa, badilisha ncha zao, ushone. Vuta: zinaachana, hakuna kilichofungwa. Rudia kwa doti mbili ambazo vipande vyake vimebandikwa mwanzo hadi mwisho. Vuta: zimeng'ang'aniana. Kwa hiyo kubadilishana vipande kunafunga jozi pale tu kila kromosomu inapokuwa na dada yake ubavuni. Seli lazima ijinakili kwanza, na ikishajinakili ina nakala nne za kila mchoro za kugawa kwenye seli nne. Mara moja isingetosha.

Wakati wa kuachana, kimeng'enya kinaikata kohesini ya mikononi mwa kromosomu, lakini ile ya kwenye sentromea haiguswi mpaka mgawanyiko wa pili. Inalindwa na protini iliyopewa jina mwaka 2004 na watafiti wa Japani: shugoshin, kwa lugha yao roho mlinzi. Mimi naona ni jina stahili.

Shuleni kwenu kama kuna hadubini, usiridhike na kanga. Tafuta kitunguu kilichoachwa shambani mpaka kikatoa ua. Mimi nilikuwa naagiza kutoka Mang'ola. Usichukue maua yaliyochanua, humo kazi imekwisha na chavua iko tayari. Chukua vitumba vidogo vilivyofungwa, visivyozidi punje ya mtama. Vilaze usiku kucha kwenye alkoholi sehemu tatu na asidi ya asetiki sehemu moja. Pasua kitumba, toa vifuko vya chavua, viponde kwenye tone la asetokamini, rangi nyekundu ya maabara, funika kwa kioo chembamba, pitisha juu ya moto mdogo bila kuchemsha, kisha weka karatasi juu na ubonyeze kwa kidole gumba, moja kwa moja chini, bila kusokota. Kitunguu kina kromosomu 16. Ukibahatika kukuta seli iliyo mwishoni mwa profezi ya kwanza, utaona maumbo manane mekundu, mengine kama pete, mengine kama msalaba. Ukihesabu nane, umeziona jozi zikiwa zimeshikana.

SWALI: *Mwalimu, nina kibanja cha ndizi Muleba nilichorithi kwa baba yangu. Mjukuu wangu ameniuliza: Babu, mbegu za ndizi ziko wapi? Nikamwonyesha vile vidoa vyeusi vya katikati. Akavipanda kwenye kopo, havikuota. Ni kweli tangu nizaliwe sijaona mgomba uliotokana na mbegu. Kwa nini? — Mkulima, Muleba*

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Mpe mkono mjukuu wako kwa kupanda na kungoja, maana majaribio ndivyo yanavyofanywa.

Ndizi mwitu, huko Kusini-Mashariki mwa Asia ndizi zilikoanzia, zina mbegu nyeusi ngumu zinazoweza kuvunja jino. Zina kromosomu 22, jozi 11, na jozi hizo zinagawana vizuri. Ndizi zetu za kupika za Kagera na Uganda zina 33. Kila mchoro una doti tatu badala ya mbili. Fikiria profezi ya kwanza ndani ya ua la mgomba: wenza ni watatu, na kila mmoja anatafuta wa kulala naye ubavu kwa ubavu. Pengine wawili wanapatana na wa tatu anabaki peke yake. Pengine wote watatu wanang'ang'aniana, huyu kashika ncha hii, yule ncha ile. Anafezi ikifika, mgawanyo unakuwa wa ovyo: upande mmoja kromosomu 15, mwingine 18, na hata hizo si seti kamili, mchoro mmoja umezidi, mwingine umepungua. Yai la mmea la namna hiyo mara nyingi halifai, na chavua yake pia haifai. Vidoa vyeusi alivyopanda mjukuu ni mbegu zilizokwama kabla hazijawa mbegu.

Tunda lenyewe linakua kwa sababu mgomba wa kulimwa hauhitaji kuchavushwa ili ndizi ijae. Ni tabia nyingine kabisa, na wazee wa kale waliichagua kwa meno yao. Wala usidhani hesabu ya tatu ndiyo kikwazo peke yake: mchare wa Kilimanjaro una kromosomu 22 tu na bado mbegu zake ni adimu, kwa sababu baadhi ya kromosomu wenza zake zina vipande vilivyohama, hivyo zikilala pamoja hazilingani.

Kwa hiyo chipukizi unalong'oa na kumpa jirani limetokana na mitosisi, nakala ya mama yake. Ndiyo maana mkungu wa kibanja chako una ladha aliyoijua baba yako. Na ndiyo maana mnyauko ukiingia unafyeka kwa pamoja. Migomba yote imepewa kinga ileile, na udhaifu uleule.

Watafiti wa NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, huko Kawanda, Uganda, walitumia makosa hayohayo ya meiosisi kutafuta mwanya. Mara chache sana ua la mgomba wa kupika linatoa yai ambalo halikugawanya kitu, limebeba kromosomu zote 33. Wakalichavusha kwa mkono kwa chavua ya ndizi mwitu iitwayo Calcutta 4, yenye 11. Jumla 44: nne za kila mchoro, na nne zinagawanyika mbili kwa mbili bila ugomvi. Mgomba huo wa 44, ukikutanishwa na wa 22, unatoa yai la 22, linapokea chavua ya 11, unarudi kwenye 33: mgomba usio na mbegu, lakini mpya, wenye nafasi ya kuwa na kinga ambayo wa zamani haukuwa nayo. Aina kadhaa zilizotoka katika kazi hiyo wameziita NARITA. Ukizisikia kwa bwana shamba, utajua zilikopita.

SWALI: *Nilivuna mahindi mazuri ya mbegu chotara, yote yamelingana kama askari. Nikahifadhi mbegu. Msimu uliofuata mengine marefu, mengine mafupi, magunia yamepungua. Niliuziwa mbegu bandia? — Mkulima, Kitale*

JIBU: La, ndugu yangu, mbegu ilikuwa halali, na mavuno ya kwanza ndiyo ushahidi. Mahindi chotara yanatokana na wazazi wa koo tofauti waliochaguliwa. Nyumbani kwenu Kitale ndiko mbegu chotara ya H611 ilikotoka mwaka 1964, mzazi mmoja akiwa wa Kenya na mwingine ametoka Ecuador. Shamba la kwanza linalingana kwa sababu kila mche umepata karibu mchanganyiko uleule. Lakini mche huo ukitengeneza chavua yake na mayai yake, kromosomu zake 20 zinabadilishana vipande na kupangwa upya, kila chavua na mpango wake, kama nilivyomweleza mwanafunzi hapo juu. Punje ulizohifadhi ni watoto wa bahati nasibu hiyo. Kama bei ya mbegu inakuelemea kila msimu, uliza aina za mbegu zinazochavushwa kiholela, zile ambazo mkulima anaweza kuhifadhi mwenyewe.

SWALI: *Mwalimu, mtoto wangu wa nne ni binti, ana miezi saba. Nilimzaa nikiwa na miaka 38. Daktari amesema ana sindromu ya Down, wamechukua damu kupima kromosomu, majibu bado. Mama mkwe anasema kasoro imetoka kwenye ukoo wetu. Jirani anasema ni vidonge vya uzazi wa mpango. Mume wangu hasemi kitu. Naomba uniambie ukweli: nilifanya nini? — Mama, Tabora*

JIBU: Mama mwenzangu, hukufanya kitu. Nimeandika hivyo mwanzoni kwa makusudi, ili hata ukiishia hapa uwe umelipata.

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa mwaka 1981, mama yetu akiwa na miaka 41. Ana sindromu ya Down. Watu walisema mama alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Kwenye kliniki moja mhudumu alimwambia asijisumbue, mtoto huyu hafiki mbali. Mama aliibeba lawama hiyo miaka saba, mpaka nilipomaliza chuo, nikakaa naye nyuma ya duka na kumchorea kromosomu kwenye karatasi ya kufungia kanga. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo jambo lenyewe lilianza mimi sijazaliwa?" Nikamwambia ndiyo, mama.

Na wewe nakuambia hivyohivyo. Mayai yako yote yaliumbwa ukiwa tumboni mwa mama yako. Mle tumboni yalianza meiosisi: kromosomu zikatafuta wenza wake, zikalala pamoja, zikabadilishana vipande, viasma vikazifunga. Halafu yakasimama. Yanasimama katikati ya profezi ya kwanza, jozi zikiwa bado zimeshikana, na kila yai linasubiri zamu yake. Lililomleta binti yako lilisubiri miaka 38 hivi. Lilipoitwa ndipo lilipomalizia mgawanyiko wa kwanza, likasimama tena, na mgawanyiko wa pili likaumaliza pale tu mbegu ya baba ilipoingia.

Ile gundi niliyomweleza mwanafunzi, kohesini, iliwekwa mwanzoni kabisa, na yai haliwezi kuiweka upya ipasavyo. Kadiri miaka inavyopita inalegea. Jozi moja ikiachia kabla ya wakati, nyuzi zinavuta bila ukinzani, na kromosomu zote mbili zinaweza kwenda upande mmoja. Ikitokea kwa kromosomu 21, ndogo kuliko nyingine zote zisizo za jinsia, yai linakuwa na 21 mbili. Baba analeta moja. Jumla tatu, na mtoto ana kromosomu 47. Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walilitangaza jambo hili Paris mwaka 1959. Siku ya dunia ya watu hawa imewekwa tarehe 21 Machi, mwezi wa tatu, kwa sababu ni nakala tatu za namba 21.

Umri una nafasi yake, sitakuficha. Mama wa miaka 20 uwezekano ni kama mtoto mmoja kati ya 1,500. Miaka 35, mmoja kati ya 350. Miaka 40, mmoja kati ya 100 hivi. Tafsiri yake ni kwamba hata binti wa miaka 20 hutokewa, na wanawake wengi sana wa miaka 38 huzaa watoto wenye 46. Umri si kosa. Takribani mara tisa katika kumi kromosomu ya ziada hutoka kwenye yai, mara chache kwenye mbegu ya kiume, na haidhuru imetoka wapi, hakuna aliyeituma. Vidonge vya uzazi wa mpango havisababishi. Chakula hakisababishi, wala kucheka, wala kulia. Kuhusu ukoo, kwa watoto wapatao 95 kati ya 100 wenye sindromu hii jambo halirithiwi, limetokea katika yai lile moja au mbegu ile moja. Msomee mama mkwe sehemu hii kwa heshima, na mume wako mpe gazeti asome mwenyewe. Wanaume wengine kimya chao ni hofu.

Mtoto kwanza, makaratasi baadaye. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na tatizo la moyo, na mengi yanatibika yakiwahiwa. Kama binti yako hajafanyiwa kipimo cha moyo cha ekokardiografia, omba wiki hii, usingoje majibu ya kromosomu. Omba pia wampime masikio na tezi ya shingo. Misuli yake inaweza kuwa laini, kwa hiyo mazoezi ya viungo mapema yanamsaidia kukaa na kutembea. Atachelewa, lakini atafika. Ongea naye sana, mwimbie, mwite jina.

Mdogo wangu yule aliyeambiwa hafiki mbali amevuka miaka arobaini. Mama alipofariki duka lilibaki kwa dada yetu, na kukunja doti ni kazi ya mdogo wangu huyo. Anaitandaza kaunta nzima, anakutanisha pindo kwa pindo, anapapasa ncha kwa vidole vyake vifupi kuhakikisha zimelingana, ndipo anakunja. Ukimharakisha anaikunjua na kuanza upya.

Majibu yakija, tazama namba ya kwanza. Ikiwa ni 47, ni hali niliyoieleza, na uwezekano wa kurudia katika mimba nyingine ni mdogo, kama mmoja kati ya 100, au kadiri ya umri wako kama hiyo ni kubwa zaidi. Ikiwa zimeandikwa mbili, 47 na 46, maana yake baadhi ya seli za mtoto zina nakala ya ziada na nyingine hazina. Lakini ikiwa ni 46 peke yake na mbele yake kuna herufi kama t, der au rob, basi kromosomu 21 ya ziada imebandikwa juu ya nyingine, mara nyingi namba 14. Hapo tu ndipo mzazi, baba au mama, anaweza kuwa ameibeba bila kujua. Mzazi huyo ana kromosomu 45 na afya kamili, ila katika meiosisi yake kromosomu tatu, 14, 21 na ile iliyounganika, zinalazimika kugawana nafasi za wanne, na mara nyingine zinakosea. Ukikuta herufi hizo, mwombe daktari awapime damu wewe na mumeo, wote wawili kwa siku moja.